Mtego si Elimu

Kuna namna moja ya kuuanza mchezo wa sataranji ambayo imeingia katika shule zetu kwa mlango usiofaa, nasi tumeona haitupasi kunyamaza. Yaitwa Gambiti ya Budapest, kwa jina la mji mkuu wa Hungaria. Ni jibu la mwenye kete nyeusi kwa mwenzake aliyeanza kwa kumsukuma askari wa malkia. Jibu hili si la kawaida: mabingwa wakuu hulitumia mara chache, na wako watu waliocheza miaka mingi wasilikute ila mara mbili tatu. Walakini twaona walimu wanaowapa watoto jibu hili kabla watoto hawajajua vema jinsi farasi aendavyo. Tena hawawapi jibu lenyewe, bali mtego mmoja uliomo ndani yake. Habari hiyo ndiyo tutakayoisema leo, nasi twaisema tukiwa walimu, maana kosa ni letu, si la watoto.

Huenda msomaji akauliza, Je, mambo ya mchezo yatufaa nini sisi watu wa mashamba na makanisa? Twajibu kwamba sataranji si mgeni kwetu. Jina lake lilifika pwani kwa kinywa cha Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi. Tena katika siku hizi mchezo huu umeshikwa na mikono ya Wakristo wanaowatunza watoto. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha watoto maskini wa Katwe, mjini Kampala, akiwa katika kazi ya misheni ya michezo. Na mmoja wa watoto hao, Phiona Mutesi, mwaka 2010 aliichezea Uganda katika mashindano ya mataifa yaliyofanyika Khanty-Mansiysk, nchini Urusi. Basi ikiwa ubao umekuwa chombo cha kumlea mtoto, yatupasa kuuliza mtoto anajifunza nini juu yake. Jembe ni chombo chema, lakini mwenye kulishika vibaya hujikata mguu.

Kwa ajili ya wale wasioujua mchezo, na tueleze kidogo. Ubao una vyumba 64, safu nane kwa nane. Safu ziendazo mbele huitwa kwa herufi, tangu a mpaka h, kuanzia mkono wa kushoto wa mwenye nyeupe. Na vyumba vya kila safu huhesabiwa tangu 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. Askari ndiye mdogo wa wote. Huenda mbele, hula kwa mshazari, wala harudi nyuma kamwe. Mfalme haliwi: akitishwa, naye hana pa kukimbilia wala wa kumwokoa, amefungwa, na mchezo umekwisha.

Sasa jibu lenyewe. Mwenye nyeupe humsukuma askari wa malkia mpaka d4. Mwenye nyeusi humtoa farasi mpaka f6. Mwenye nyeupe humsukuma na askari wa safu ya c mpaka c4, ili aushike uwanja wa katikati. Mpaka hapa ni njia kuu, wapitayo watu wote. Lakini hapo mwenye nyeusi, badala ya kujenga boma lake polepole, humsukuma askari wa mfalme mpaka e5, mahali ambapo askari wa d4 aweza kumla mara moja. Kutoa kete namna hii ndiko kuitwako gambiti, neno lililotoka katika Kiitalia, na asili yake ni kumpiga mtu ngwala. Mwenye nyeupe hula. Ndipo farasi wa f6 hurukia g4, na kutoka hapo humtazama yule askari aliyekula, akitaka kumlipiza.

Kwa nini jambo hili hufanywa baada ya askari wa c kutoka, wala si kabla? Hili ndilo swali, na asiyejua jibu lake haijui Budapest, hata akishinda nayo mara mia. Askari wa c akiwa bado nyumbani, na askofu mweusi akija b4 kumtisha mfalme, askari huyo husogea c3, akaufunga mlango na kumfukuza mgeni. Lakini amekwisha kwenda c4, naye harudi nyuma. Mlango wa b4 u wazi. Basi mwenye nyeusi huingia kwa mlango ambao mwenzake mwenyewe ameuacha. Tena mwenye nyeupe akitangulia kumtoa farasi wake mpaka f3, kabla ya kumsukuma askari wa c, farasi huyo huilinda e5, na kumtoa askari hapo si gambiti tena, bali ni hasara. Haya ndiyo maarifa ya ufunguzi huu. Kuyafundisha kwataka saa nzima ya darasa, na subira, na mwalimu aliyekwisha kujiuliza yeye mwenyewe.

Mtego hautaki saa nzima. Huu hapa. Mwenye nyeupe huleta askofu wake f4, amlinde askari wa e5. Mwenye nyeusi huleta farasi wa pili c6. Mwenye nyeupe huleta farasi f3. Askofu mweusi huja b4, akamtisha mfalme. Farasi mweupe wa b1 huja d2, akamkinga. Malkia mweusi huja e7. Ndipo mwenye nyeupe humsukuma askari mdogo wa pembeni mpaka a3, ili amfukuze askofu. Mwenye nyeusi hamwondoi askofu wake. Humwacha palepale, na farasi wa g4 humla askari wa e5. Mwenye nyeupe akimla askofu kwa tamaa, farasi wa e5 huruka mpaka d3, na mfalme amefungwa ndani ya nyumba yake, katikati ya watu wake. Askari wa e2, ambaye angemla farasi huyo, hawezi kuondoka, kwa kuwa malkia wa e7 amtazama mfalme aliye nyuma yake. Hatua nane tu, na mchezo umekwisha. Georg Kieninger alimfanyia Godai hivyo mjini Vienna mwaka 1925, na mtego waitwa kwa jina lake mpaka leo.

Ni jambo la kupendeza kulitazama, hatukatai. Yule amlaye askofu ni kama Esau: amekiona chakula, hakuona alichokiuza. Mwalimu aweza kupata humo fundisho jema juu ya tamaa. Lakini watoto hawafundishwi hivyo. Huambiwa, Shikeni hatua hizi nane, mtashinda. Nao huzishika kama kasuku, huzicheza mbele ya wenzao wasiozijua, na hushinda.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mvulana mmoja alifundishwa mtego huu. Akawashinda wenzake wa darasa mmoja baada ya mmoja. Wakamwita fundi. Mwalimu wake akafurahi, akamwonyesha kwa wageni. Siku moja alikutana na msichana wa shule nyingine, mwenye desturi ya kutazama kabla ya kugusa. Walipofika mahali pa kumla askofu, msichana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwacha askofu, akamla farasi wa e5 kwa farasi wake. Mvulana akalipiza kwa farasi wa pili. Msichana akamsogeza askari wa mfalme chumba kimoja tu, hata askofu wa f1 akapata njia ya kuilinda d3. Mlango ukafungwa. Mvulana hakuwa amepata hasara yo yote: askari aliyemtoa alikuwa amekwisha kulipwa, na hesabu ya kete ilikuwa sawasawa. Lakini yeye hakulijua hilo. Hatua zake nane zilikuwa zimekwisha. Akainua macho, akamtazama mwalimu wake, kama mtu aliyesahau mstari katika sala mbele ya kusanyiko. Baadaye akampoteza malkia kwa hatua ambayo mtoto wa wiki moja asingeicheza, akatoka nje akilia.

Wasomaji, mwalimu yule ni sisi tunaoandika. Hatukumwonea aibu mtoto. Tulijionea aibu wenyewe, kwa maana alitutazama akitaka neno la kumsaidia, nasi hatukuwa tumempa neno lo lote lililozidi hatua nane.

Tangu siku hiyo tumejiuliza, Kuna tofauti gani kati ya hatua nane zilizokaririwa bila sababu na hirizi iliyofungwa mkononi? Mwenye hirizi hajui kilichoandikwa ndani yake. Ameambiwa tu, Vaa, utashinda. Akishinda, huisifu hirizi. Akishindwa, husema nguvu zake zimekwisha, akaenda kutafuta nyingine. Ndivyo afanyavyo mtoto aliyelishwa mitego. Wa Budapest ukimwangusha, hamwulizi mwalimu, Nilikosa wapi? Humwambia, Nipe mwingine. Nasi ambao tumesema miaka mingi, darasani na kanisani, kwamba Mkristo haweki tumaini lake katika hirizi, tunawafungia watoto hirizi za mbao, na kuwapigia makofi.

Wako wenzetu watujibuo hivi: Mtoto akishinda mapema, huupenda mchezo, akiisha kuupenda, atajifunza sababu baadaye. Neno hili lina sura ya hekima, nasi tuliliamini. Lakini tumeona matunda yake. Mtoto aliyeshinda kwa mtego haupendi mchezo, apenda kushinda. Humchagua mwenzake asiyejua, humkimbia ajuaye. Na yule aliyeshindwa kwa hatua nane, bila kuelewa limetokea nini, aondoka ubaoni akidhani ameumbwa mjinga. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo: kwa hatua hizi nane tumewaharibu watoto wawili kwa mara moja, mmoja kwa kiburi, na mwingine kwa kukata tamaa.

Wengine husema, Je, Budapest si mtego tangu mwanzo wake? Je, haikuwaangusha wakubwa kwa ghafula? Hao na twende nao mpaka asili ya habari. Jibu hili lilionekana katika mchezo wa Adler na Maróczy mjini Budapest mwaka 1896. Baadaye, katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza, watu watatu wa Hungaria, István Abonyi, Zsigmond Barász na Gyula Breyer, walilichunguza kwa bidii. Mwaka 1918 mabingwa wanne walikutana Berlin kushindana: Akiba Rubinstein, Carl Schlechter, Jacques Mieses, na Milan Vidmar. Vidmar alikuwa Mslovenia, mhandisi wa mambo ya umeme. Rubinstein alikuwa miongoni mwa wachezaji wenye nguvu kupita wote duniani, naye alikuwa hodari hasa alipoanza kwa askari wa malkia. Vidmar hakujua amjibu nini. Hakuona haya, akamwuliza rafiki yake Abonyi, naye akamwonyesha Budapest. Vidmar akaicheza, akamshinda Rubinstein kwa hatua 24, na mwisho wa mashindano akawa wa kwanza.

Angalieni sasa jinsi alivyoshinda. Rubinstein hakuanguka katika mtego wa d3. Askofu alipokuja b4 kumtisha mfalme, yeye alikinga kwa farasi wa c3, wala si d2. Vidmar akamtoa askofu wake amle farasi huyo, hata askari wawili weupe wakasimama katika safu moja ya c, mmoja nyuma ya mwenzake, wasiweze kulindana. Akampeleka malkia wake mpaka a3, ndani ya ardhi ya adui. Kisha akamsukuma askari wake f6, akakubali kupungukiwa na askari mmoja ili njia za watu wake zifunguke. Katika hatua ya 16 akaitoa ngome imle askofu wa f4, naye akailipa kwa uhai wake. Mfalme mweupe, ambaye hakuwa amepata nafasi ya kujificha, akafukuzwa chumba hata chumba, akapanda ubao mpaka h5, peke yake kati ya adui. Hapo Rubinstein akakubali kwamba ameshindwa.

Mchezo huu ulikuwa miaka saba kabla ya ule wa Kieninger kule Vienna. Budapest ilipata sifa yake pasipo mtego ule. Ilishinda kwa sababu mwenye nyeusi alijua alichokinunua kwa askari wake: njia zilizofunguka, kete zilizotoka upesi, na mfalme wa mwenzake aliyekosa utulivu.

Mtu atasema, Vidmar naye alikuwa ameazima. Ni kweli, aliazima. Wala kuazima si kosa, maana sisi sote tumeazima kusoma kwetu kwa waliotutangulia. Lakini hakuna mtu aliyeweza kumwambia mapema kwamba Rubinstein angekwenda hivi na hivi mpaka hatua ya 24. Njia aliyoonyeshwa ilifika mwisho, naye akaendelea kwa miguu yake. Daudi alipewa silaha za Sauli, silaha nzuri za kifalme, akazivua kwa kuwa hakuwa amezizoea. Akaenda na kombeo aliyoijua. Vidmar alipewa kombeo na rafiki, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kujua kutupa jiwe. Mvulana wetu tulimvika silaha za Sauli, tukamsukuma mbele.

Sasa yatupasa kugeukia upande wa pili, maana wako walimu wengine ambao, wakiisha kuona ubaya wa mtego, wataka kuufukuza ufunguzi wote. Hao nao twawapinga. Sababu zao ni mbili.

Ya kwanza wasema, Gambiti ni udanganyifu, na haifai kumfundisha mtoto wa Kikristo kudanganya. Twajibu: Udanganyifu ni kuficha. Mwenye kuuza maziwa yaliyotiwa maji ameficha maji. Mwenye kuapa kwamba shamba halina deni ameficha deni. Juu ya ubao wa sataranji hakuna kilichofichwa. Kete zote 32 zaonekana na wote wawili. Askofu aliyeachwa b4 ameachwa mbele ya macho. Farasi wa e5 hana vazi la kondoo. Yule mwingine amepewa muda wa kutazama kama sisi. Akiliona jambo, lake. Asipoliona, hakuna aliyemfumba macho. Kumpa mtu swali gumu si kumwibia. Kama ingekuwa hivyo, kila mwalimu wa hesabu angekuwa mwizi. Ubaya hauko katika hatua, uko katika moyo wa yule amtafutaye asiyejua ili amle.

Sababu yao ya pili ni kwamba mabingwa hawaitumii sana, kwa hiyo haina thamani. Hili lina ukweli ndani yake, nasi hatutauficha. Budapest ina majibu. Alexander Alekhine aliionyesha dawa moja: hakumng'ang'ania askari aliyemla, bali alimsukuma askari wa mfalme mpaka e4, akamwacha farasi mweusi achukue chake, naye akaushika uwanja mpana wa katikati. Kwa njia hiyo alimshinda Ilya Rabinovich kule Baden-Baden mwaka 1925, na Adolf Seitz kule Hastings katika mashindano ya mwaka 1925 na 1926. Tena katika njia ile ile ya mtego, mwenye nyeupe akienda kwa busara kama yule msichana, hubaki na maaskofu wawili, na nafasi yake ni njema kidogo kuliko ya mwenzake. Na mwaka 1992, mjini Linares nchini Hispania, Mwingereza Nigel Short aliicheza Budapest katika mchezo wa kwanza wa shindano lake na Anatoly Karpov, akashindwa.

Lakini itazameni habari hiyo ya Short mpaka mwisho. Alishindwa mchezo ule wa kwanza, wala hakulia kwamba hirizi yake imekufa. Akarudi ubaoni na mambo mengine aliyoyajua, na mwisho wa shindano lile yeye ndiye aliyemshinda Karpov. Basi jibu hili lililomwangusha mchezo mmoja halikumwangusha mtu, kwa sababu mtu hakuwa ameliegemea peke yake. Hayo ndiyo tuyatakayo kwa watoto wetu. Tena mtoto wa shule ya kijiji hatakutana na Karpov kesho. Nafasi iliyo duni kidogo mkononi mwa bingwa ni nafasi njema ya kujifunzia mkononi mwa mtoto, ikiwa ajua kwa nini ni duni. Njia isiyokanyagwa na wengi si lazima iwe mbaya. Yataka tu mtu aende huku akitazama.

Tena twaona faida moja katika Budapest ambayo njia kuu hazimpi mtoto upesi. Yamfundisha kutoa. Watoto wengi washikao ubao kwa mara ya kwanza huona kila askari kuwa mali isiyoguswa; hukumbatia vyote, hata wakakosa pa kupita. Hapa, katika hatua ya pili tu, mtoto aambiwa, Toa mmoja, kisha ufanye kazi mpaka umrudishe, au upate cha thamani yake. Lakini fundisho hilo hulipata yule tu aliyeambiwa kwa nini anatoa. Aliyeambiwa, Toa, kwa sababu baada ya hatua sita nyingine utashinda, hakutoa, ameweka chambo.

Basi twashauri nini? Kwanza, mwalimu asimwonyeshe mtoto hatua ya kumtoa askari wa e5 kabla mtoto mwenyewe hajasema, kwa maneno yake, askari wa c ameacha mlango gani wazi. Asiposema leo, atasema wiki ijayo, ubao hauozi. Pili, kila mtoto aicheze Budapest kwa nyeusi na kwa nyeupe, zamu kwa zamu. Aliyekaa upande wa pili na kuitafuta dawa, hawezi tena kuiona kuwa uchawi. Tatu, mtego wa Kieninger uonyeshwe mwisho, na uonyeshwe kwa darasa zima siku moja, pamoja na njia ya kuuepuka. Walimu wengine watasema, Ukiwaonyesha wote, hautamnasa mtu tena shuleni. Naam. Ndivyo tutakavyo. Elimu ambayo hupungua thamani majirani wakiijua haikuwa elimu, ilikuwa siri ya mfukoni.

Twajua kwamba kufundisha hivi ni kazi ya polepole, na kwamba mgeni akija shuleni hatakuta mtoto wa kuonyeshwa. Shule iliyofanya kazi ya mitego itazishinda shule zetu mwaka wa kwanza, labda na wa pili. Tumelifikiri jambo hilo, tukaona tulikubali. Hatukuitwa kuwalea washindi wa hatua nane. Mtoto yuleyule tumfundishaye kuuliza, Kwa nini? mbele ya ubao, ndiye atakayeuliza, Kwa nini? siku atakapoletewa karatasi ya deni ili atie sahihi, na siku mganga atakapomwambia ni nani aliyemroga ndugu yake. Na yule tuliyemzoeza kupokea hatua bila sababu, atapokea na hayo bila sababu.

Tumalize na habari ya yule mvulana. Tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya baba yake, jambo ambalo lilimshangaza mzee sana. Tukaanza upya naye: farasi, askari, mlango wa b4. Ilikuwa kazi ya miezi. Siku hizi hushindwa mara nyingi kuliko zamani, na wenzake hawamwiti fundi tena. Lakini juma lililopita alishindwa na mdogo wake, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, Nilimtoa askari kabla mlango haujafunguka. Mdogo wake akamwuliza, Mlango gani? Naye akazipanga kete tena, akaanza kumweleza.

Haya ndiyo tuliyokusudia kuyasema. Mwalimu aliye na neno la kutupinga na aliandike. Nasi tutalipokea kwa moyo mweupe.